Umeme ulipanda treni kabla ya kuingia nyumbani



Mwezi uliopita baba mmoja wa komini ya Katuba alinisubiri nje ya studio, simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na picha ya motokari ndogo ya buluu, ya Kijapani, isiyo na bomba la moshi nyuma. Akaniambia: "Mwanangu, hii haili esansi. Wewe unasomasoma mambo. Niuze taksi yangu niinunue hii, ao wananidanganya?"

Taksi yake ya esansi ndiyo inalisha watu 11. Kuna yeye na mama, watoto wao, na familia ya mdogo wake waliokimbia Mitwaba wakati wa Bakata Katanga na hawajarudi mpaka leo. Nilipomtembelea nyumbani, mama alinieleza namna wanavyogawa pesa ya jioni. Kwanza inatolewa esansi ya kesho, kwa sababu bila esansi kesho hakuna kazi. Halafu unga wa bukari, makala ya kupikia, maji. Shule inapata kinachobaki. "Esansi inakula mbele ya watoto," mama alisema, na hakusema kwa mzaha.

Nilimwahidi Papa jibu. Nikaanza kutafuta bei za motokari, na baada ya siku mbili nikaona natafuta mahali pasipo penyewe. Jibu liko katika historia yetu, maana hapa Kongo vyombo vya umeme si kitu kipya. Babu zetu walivipanda miaka zaidi ya 70 iliyopita. Kimoja kilidumu, kingine kilikufa baada ya miaka minne, na vyote viwili viliamuliwa na hesabu ileile ambayo mama wa Katuba anaifanya kila jioni.

Tuanze na treni.

Mji wetu ulizaliwa na reli. Mwaka 1910 reli ilifika hapa kutoka kusini, ikipitia Rhodesia, na mwaka uleule Elisabethville ikaanzishwa. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa kwenye kiwanda kando ya mto Lubumbashi. Reli ikaendelea kaskazini: Bukama mwaka 1918, Ilebo mwaka 1928 (ikiitwa Port-Francqui), na mwaka 1931 ikaungana kupitia Dilolo na njia ya Lobito kule Angola.

Lakini treni zile zilihitaji kula. Zilikula kuni, na zilikula makaa ya mawe. Makaa mazuri yalitoka mbali, Wankie, ambayo leo ni Hwange katika Zimbabwe. Sisi tulikuwa na makaa ya Luena, lakini hayakuwa na nguvu ya yale ya Wankie. Kwa hiyo kila tani ya shaba iliyotoka hapa ilikuwa imelipia kwanza makaa ya nchi nyingine. Ukiangalia vizuri, Katanga nzima ilikuwa kama ile nyumba ya Katuba, esansi mbele, watoto nyuma.

Dawa ilitafutwa kwenye maji. Mwaka 1930 kiwanda cha umeme cha Mwadingusha kilianza kazi kwenye maporomoko ya mto Lufira, na nyuma ya bwawa lake likatokea ziwa Tshangalele, ambalo wavuvi wanalijua kuliko wahandisi. Umeme wake ulikwenda Jadotville, yaani Likasi, kwenye kiwanda cha Shituru. Pale shaba husafishwa kwa kupitisha umeme ndani ya maji yenye asidi mpaka chuma safi kishikamane kwenye bamba. Baadaye kikaja Koni kwenye Lufira hiyohiyo, kisha viwili vya Lualaba: Nzilo mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Nseke mwaka 1956.

Niseme kidogo juu ya majina. Wabelgiji walikiita Mwadingusha "Francqui", Koni "Bia", Nzilo "Delcommune" na Nseke "Le Marinel". Wazungu hao wanne wote walipita Bunkeya, mji wa Msiri, mwaka 1891 na 1892. Wageni waliofika Garenganze wakati ufalme wa Msiri unavunjika wakaja kuandikwa juu ya mabwawa ya maji ya nchi hiyohiyo. Majina ya wenyeji yalirudi baadaye, na ni vema yalirudi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mwaka 1952 kampuni ya reli ya BCK ilitandika nyaya za umeme juu ya reli kati ya Jadotville na Tenke, kilomita karibu mia. Haukuwa umeme wa aina iliyozoeleka kwa treni. Ulikuwa wa volti 25,000, wa aina ileile inayotembea kwenye nyaya kubwa za viwanda, ukishushwa nguvu ndani ya treni yenyewe. Ulaya ilikuwa bado inaujaribu mtindo huo, na njia yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kuutumia kwa kazi ya kila siku. Leo treni za kasi za Ufaransa zinatumia volti zizo hizo. Nyaya zikasonga mpaka Kolwezi, Kamina na Lubumbashi, na mwishowe zikafika zaidi ya kilomita 850.

Kwa nini ilifaa? Siyo kwa sababu watu walipenda mambo mapya. Ilifaa kwa sababu mtu mmoja alishika pande zote za hesabu. Union Minière na BCK zote zilianzishwa mwaka 1906, na zote zilikuwa chini ya mikono ya Société Générale ya Ubelgiji. Maji yalianguka karibu na reli, umeme ulikuwa wa Union Minière, mzigo ulikuwa wa Union Minière, na treni ilikuwa ya ndugu yake. Fedha iliyokuwa ikikimbilia Wankie ikabaki ndani ya mfuko wa nyumba. Treni ya umeme haikuwa na shida ya kujua itakula wapi kesho.

Chombo cha pili kilikuwa Léopoldville, na vijana wengi hawajawahi kukisikia. Mwaka 1955 mji huo ulianza kuendesha mabasi ya umeme kutoka Uswisi, ya kampuni ya Oerlikon, yaliyoitwa gyrobus. Basi hilo halikuwa na betri wala nyaya juu ya barabara. Chini ya sakafu kulikuwa na gurudumu zito la chuma, karibu tani moja na nusu. Kituoni basi lilisimama chini ya nguzo, likainua vijiti vitatu kutoka paani, likavuta umeme, na umeme ukalizungusha gurudumu kwa kasi kubwa. Halafu vijiti vikashuka, na mzunguko wa lile gurudumu ukatengeneza umeme wa kulisukuma basi mpaka nguzo nyingine, kama kilomita mbili mbele. Lilibeba mpaka watu 90. Fikiria watu wa Léopoldville mwaka 1955, basi kubwa linapita bila moshi!

Lilikufa mwaka 1959. Sababu zinafundisha kuliko kitabu cha uchumi. Madereva walipenda njia za mkato zisizo na lami, na mvua ikinyesha basi la tani karibu 11 lilizama kwenye matope. Unyevu uliharibu mota. Mipira ya chuma inayoshika lile gurudumu ilivunjika. Lakini kilichomaliza kabisa ni hesabu ya umeme. Kila basi lilikula kilowati-saa 3.4 kwa kilomita moja, na wenye kampuni wakaona hawawezi kulipa. Wakarudia mazutu.

Kwa hiyo nchi moja, miaka ileile, umeme uleule wa maji: treni ya Katanga ikaendelea, basi la Léopoldville likauzwa kama chuma chakavu ao likaachwa. Tofauti haikuwa akili ya mhandisi. Treni ilikwenda juu ya chuma laini, ikalishwa na maji ya jirani, na mzigo wake ulilipa. Basi lilikwenda juu ya matope na kulipia kila kilowati kwa nauli ya abiria.

Hapa ndipo nilimkumbuka Papa wa Katuba. Lakini sijamaliza, kwa sababu kuna swali ambalo picha ya simu haiulizi: huo umeme ulikuwa wa nani?

Umeme wa Katanga haukujengwa kwa ajili ya nyumba. Ulijengwa kwa shaba, halafu treni, halafu mitaa ya Wazungu, na waliobaki wakapata kilichobaki. Mama zetu katika makampu ya wafanyakazi waliendelea kupikia kuni na makala huku nyaya za volti nyingi zikipita juu ya vichwa vyao. Nseke ilipokamilika mwaka 1956, umeme wake ulivuka mpaka kwenda kulisha migodi ya Kitwe katika Rhodesia ya Kaskazini. Katanga iliuza umeme nje wakati watoto wa Katuba wanasomea taa ya mafuta.

Uhuru ulikuja, Union Minière ikachukuliwa na serikali mwaka 1967 na kuwa ile tunayoiita Gécamines, na SNEL ikaundwa mwaka 1970. Halafu ukaja mradi mkubwa kuliko yote, nyaya za Inga-Shaba. Zilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilomita karibu 1,700 kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, moja kati ya njia ndefu za umeme duniani kwa wakati ule. Umeme wake ulitengenezwa kwa namna ambayo huwezi kuuchukua njiani bila kujenga mtambo wa gharama kubwa. Na mtambo huo haukujengwa. Vijiji vya Bandundu na Kasai vikaona minara ikipita mashambani, chuma kirefu kikipiga kelele usiku, na chini yake giza. Deni la mradi tulilipa wote. Bei ya shaba ilikuwa imekwisha kuanguka wakati nyaya zinawashwa.

Kuna wasomaji wetu ambao historia ya reli hii kwao haihusu shaba. Mwaka 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika jimbo letu, maelfu na maelfu ya familia zililala kwenye gari za Likasi na Kolwezi kungoja treni. Walingoja wiki, wengine miezi. Watoto na wazee walikufa pale palepale kwenye jukwaa na ndani ya mabehewa, kwa kiu, kwa magonjwa, kwa msongamano. Reli ambayo mwaka 1952 ilikuwa fahari ya dunia ndiyo iliyobeba watu wetu kama mzigo. Nimeongea na mama mmoja aliyekuwa msichana wa miaka tisa wakati ule. Anachokumbuka zaidi ni zile nyaya za juu. Alilala chali kwenye nguo za mama yake akizitazama na kuuliza kama ndizo zinachelewesha treni. Nimeandika hili hapa kwa sababu huwezi kusimulia treni ya umeme ya Katanga ukaruka miaka ile miwili, na wanaofanya hivyo hawatendei haki waliokuwa pale.

Baada ya hapo yote yalishuka pamoja. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulikuwa umekwisha kuporomoka, na Gécamines iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ikabaki na sehemu ndogo tu kufikia 1994. Mgodi ulipokosa pesa, mitambo ya maji ikakosa vipuli, na treni ikakosa mzigo. Nyaya za reli zenyewe ni shaba, na shaba ina soko. Sehemu nyingi treni za mazutu zikarudi chini ya nguzo za umeme, kama mtu anayetembea kwa miguu huku anasukuma baisikeli yake.

Sasa turudi kwenye leo. Kobalti inayochimbwa duniani, karibu asilimia 70 inatoka Kongo, na kubwa yake ni ya Lualaba na Haut-Katanga. Betri nyingi za motokari za umeme zinabeba kilo kadhaa za kobalti yetu, na motokari ya umeme inatumia shaba mara mbili ao zaidi kuliko ya esansi. Hata kama Wachina sasa wanatengeneza betri nyingi zisizo na kobalti kabisa, shaba hawajaikwepa. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza betri pamoja, na mwaka huohuo kituo cha kusomea betri kikafunguliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwezi Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ili bei ipande, na kuanzia Oktoba ikaweka kipimo cha kiasi kinachotoka. Yote hayo ni habari kubwa, na nimeyatangaza mimi mwenyewe. Lakini hakuna hata moja linalomwambia Papa wa Katuba atachaji wapi.

Na mitambo ya maji? Mwadingusha ilifufuliwa, ikawashwa tena mwaka 2021, mitambo yake yote sita, karibu megawati 78. Pesa ilitoka kwa mgodi wa Kamoa-Kakula, kwa mapatano na SNEL kwamba mgodi upate umeme kwanza. Silaumu; bila pesa hiyo pengine mitambo ingebaki imelala. Lakini msomaji atambue kwamba mpango wa mwaka 1930 haujabadilika sana. Mgodi mbele, nyumba nyuma. Hata mpaka umegeuka, maana sasa migodi ya hapa inanunua umeme kutoka Zambia, ile tuliyokuwa tunaiuzia mwaka 1956, na Zambia yenyewe mwaka 2024 ilikaa gizani saa nyingi kwa sababu ukame ulikausha Kariba.

Basi nilikaa na Papa na mama kwenye meza yao, tukaandika kwenye daftari la shule la mtoto.

Motokari ya picha ni Nissan Leaf ya miaka ya kwanza, yenye betri ya kilowati-saa 24. Ikiwa mpya, kwa kipimo cha Marekani, ilikwenda kilomita 117. Mjini, kwa mwendo wa polepole, inaweza kula kama kilowati-saa 15 kwa kilomita 100. Hata ikiwa mpya kabisa haifiki Likasi kwa uhakika, maana Likasi ni kilomita kama 120. Na hiyo siyo mpya. Betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji, kwa hiyo joto linaizeesha haraka.

Nyumbani kwao, Katuba, umeme unakuja usiku. Ni délestage, kila mtu anaijua zamu yake. Tuseme unakuja saa tano za usiku na kuondoka saa kumi za alfajiri. Ni saa tano za kuchaji. Kwenye plagi ya kawaida, volti 220 na ampea 10, unapata kilowati 2.2, yaani kilowati-saa 11 kwa usiku mmoja. Ukitoa zinazopotea njiani, zinabaki kama 10. Hizo ni kilomita 65. Tena hayo ni kama volti ni 220 kweli. Mama alicheka. Usiku taa yao inakuwa nyekundu kama mkaa, na friji ya jirani ilikwisha kuungua. Transfoma ya mtaa ilipokufa, wakaaji walichanga pesa wenyewe kwa miezi.

Papa kwa siku moja ya taksi anafanya kilomita zaidi ya 120.

"Na grupu?" aliuliza. Wengi wanaliuliza hilo, na ndilo lililonifurahisha kuhesabu. Jenereta ndogo ya nyumbani inakula kama nusu lita ya esansi kwa kila kilowati-saa. Kwa kilomita 100 motokari inataka kilowati-saa 15, na ukiongeza zinazopotea ni 17. Nusu yake ni lita 8 na kidogo. Taksi yake ya sasa inakula lita 7 mpaka 8 kwa kilomita 100. Yaani angenunua motokari nyingine ili achome esansi ileile, isipokuwa sasa ingechomwa ndani ya parseli, chini ya dirisha wanapolala watoto. Papa alikaa kimya, halafu akaomba tuhesabu tena. Tukahesabu tena.

Jua ni habari nyingine. Sahani sita za wati 400 zinaweza kutoa kilowati-saa 12 kwa siku nzuri ya kiangazi, kati ya Mei na Septemba. Masika zinapungua sana. Lakini jua linawaka mchana, na mchana taksi iko barabarani. Ili kuweka jua la mchana kwa ajili ya usiku unahitaji betri nyingine nyumbani, na hapo bei inakuwa ya motokari ya pili.

Nisieleweke vibaya. Kuna mtu ambaye motokari hii inamfaa. Ni mfanyakazi wa ofisi anayekaa mtaa wenye umeme wa kutosha usiku, anayekwenda kazini na kurudi kilomita 20, na ambaye hatakufa njaa siku motokari ikikataa. Kwa huyo umeme wa usiku mmoja unamtosha siku tatu, na esansi anaisahau. Shida ni kwamba anayeihitaji zaidi ni yule asiyeweza kuilisha.

Kwingine wametatua kwa kumwondolea mwenye chombo mzigo wa betri. Kigali, motari wa taksi anafika kituoni, anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa na kuendelea. Kampuni ya Ampersand ilianza hivyo mwaka 2019. Nairobi, mabasi ya BasiGo tangu 2022 yanauzwa kwa mtindo ambao mwenye basi analipa betri na umeme kwa kila kilomita anayokwenda, wala habebi bei ya betri yote siku ya kwanza. Ethiopia mwaka 2024 ilikataza kabisa kuingiza motokari ndogo za esansi, kwa sababu ina umeme wa maji na haina dola za mafuta. Wote hao, kama BCK mwaka 1952, walianza na swali la chakula cha chombo. Hapa kwetu sijaona bado mtu aliyelishika upande huo, na pengine motari wetu wa Lubumbashi, wanaokwenda safari fupifupi, ndio wangefaidika kwanza, kabla ya taksi.

Mdogo wake Papa, yule wa Mitwaba, alisikiliza yote akiwa mlangoni. Kwao alikuwa na mashine ya kusaga inayokwenda kwa mazutu. Aliuliza swali moja: kama ni sahani sita za jua, kwa nini zisiendeshe kisaga, maana kisaga kinafanya kazi mchana? Tuliandika hilo pia kwenye daftari, ukurasa wa nyuma. Kisaga kidogo cha kilowati mbili ao tatu kinakubali jua la saa za mchana bila betri kubwa, na mtaa ule kila mama anabeba mahindi kwenda mbali. Sijui kama watapata pesa, lakini swali lake lilikuwa bora kuliko langu lote.

Jumamosi iliyofuata Papa alikwenda kwenye parki kuitazama ile ya buluu, na akanipigia simu nimsindikize. Leaf inaonyesha afya ya betri yake kwa vijiti vidogo pembeni ya kioo cha dereva, 12 ikiwa mpya. Muuzaji alikuwa amelaza gazeti juu ya ile sehemu, kwa ajili ya jua, alisema. Papa aliomba iwashwe, akainama, akaondoa gazeti, akahesabu kwa kidole. Vilikuwa 7.

Akamrudishia ufunguo, akashukuru, na tukapanda taksi-bus ya kurudi Katuba, kwa sababu siku hiyo taksi yake ilikuwa kwa fundi.